Taya Lililovimba Halingoji Kikao cha Ukoo
Ya kufanya na ya kutofanya, kwa watu wa Luberizi na bonde la Ruzizi

Haya ni kwa wazazi, wazee wa nyumba, wauguzi, walimu na wachungaji wa Luberizi, na kwa kila anayeishi kando ya barabara kuu inayoshuka kutoka Kamanyola na Luvungi kwenda Sange na Uvira. Yanahusu watoto wanaozaliwa na mdomo uliopasuka, kaakaa lenye tundu, kidevu kilichorudi nyuma au mifupa ya mashavu isiyokua. Yanahusu pia wale waliozaliwa wazima, kisha taya likaanza kuvimba. Baadhi ya magonjwa haya ni ya urithi. Mengine si ya urithi hata kidogo, lakini mara nyingi yote huitwa kwa jina moja: laana ya ukoo. Ukoo ukikaa kutafuta nani ameleta laana, siku zinakwenda, na kila ugonjwa wa uso una hesabu yake ya siku. Kuna ambao siku kumi ni nyingi mno. Kuna ambao miaka kumi ya kungoja ndiyo tiba. Asiyejua tofauti asijifanye mwamuzi.

TAYA LINALOVIMBA

Uliza uvimbe ulianza lini, kabla ya kuuliza umeletwa na nani. Mtoto wa kati ya miaka mitatu na kumi akivimba taya, tarehe ndiyo habari ya kwanza anayoihitaji muuguzi. Kama wiki tatu zilizopita shavu lilikuwa sawa na leo limejaa, hiyo ni dharura, hata kama mtoto anacheza na hana homa. Huenda ni limfoma ya Burkitt, kansa ya watoto ambayo huku Afrika hupenda kuanzia kwenye taya. Kansa za binadamu zinazokua kasi kuipita hazijulikani: uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kikao cha familia kinachoahirishwa hadi Jumapili, kisha hadi mjomba arudi kutoka Bukavu, kinatosha kumtoa mtoto kwenye kutibika na kumtia kaburini.

Usiseme ugonjwa huu ni wa mbali. Ni wa kwetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyeitwa Denis Burkitt aliombwa amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya la juu na la chini, kulia na kushoto. Muda mfupi baadaye akamwona mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Akaanza kuwatafuta. Mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliendesha gari takriban kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmewaona watoto wa namna hii? Jibu lilifuata ramani ya joto na mvua. Kwenye nchi za juu zenye baridi, uvimbe huo haukuonekana. Kwenye mabonde yenye joto na malaria ya mwaka mzima, ulikuwapo. Mwaka 1964 wanasayansi watatu wa London, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, wakakiona kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Kirusi hicho karibu kila mtu hukipata utotoni bila kujua. Kinachokifanya kiwe hatari kwa wachache ni malaria inayorudi na kurudi, inayoichosha kinga ya mwili wa mtoto. Sasa tazama bonde la Ruzizi: liko kati ya mita 770 na 1,000 hivi juu ya usawa wa bahari, lina joto, lina mashamba ya mpunga na maji yaliyotuama, lina mbu. Hakuna sababu ya kwenda kutafuta mchawi.

Na usiuite urithi. Ndani ya chembe za Burkitt jeni zimeharibika kweli; mara nyingi kipande cha kromosomu ya 8 kimehamia kwenye ile ya 14. Lakini uharibifu huo ulitokea ndani ya mwili wa mtoto huyu baada ya kuzaliwa. Hakuupokea kwa baba, hakuupokea kwa mama, wala hatawarithisha wanawe. Jeni kuharibika ni jambo moja, kurithi ni jambo jingine, na wauguzi wetu wana wajibu wa kulieleza hili kwa sauti, mbele ya mume na mama mkwe wakiwa wameketi wote wawili.

Usimpeleke kwa mng'oa meno wa sokoni. Dalili ya mwanzo ya uvimbe huu mara nyingi ni meno kulegea. Mtoto huanza kung'oka meno ya utoto akiwa na miaka sita hivi, na huanza na ya mbele. Mtoto wa miaka minne ambaye magego yake yanacheza ana tatizo ndani ya mfupa, na koleo halitalimaliza. Jino litatoka, uvimbe utabaki, kidonda kitaongezeka, na wiki mbili nyingine zitakuwa zimepotea. Hapo hapo niwaambie wale wanaochimba ufizi wa watoto wachanga ili kutoa yale ambayo Watanzania huyaita meno ya plastiki, na ambayo jirani zetu wa Burundi na Rwanda wana jina lao: mnachokitoa ni vichipukizi vya meno halali ya mtoto. Mnamwachia damu, vidonda vya uchafu na meno ya ukubwani yaliyoharibika kabla hayajatoka. Acheni.

Usichanje, usikande, usifunge majani. Uvimbe mgumu wa taya hauna usaha wa kutolewa kwa wembe.

Dai kipande cha uvimbe kipelekwe maabara. Daktari anayesema "ni kansa" au "si kansa" kwa kutazama tu bado hajamaliza kazi yake. Akatwe kipande kidogo, kipimwe kwa darubini, na jibu liandikwe kwenye karatasi mtakayobaki nayo. Mzazi ana haki ya kuuliza swali hili bila kuogopa koti jeupe: kipande kimepelekwa wapi, na jibu litatoka lini?

Kubali sindano, usidai kisu. Burkitt hutibiwa kwa dawa za kansa, mzunguko baada ya mzunguko, na taya halihitaji kukatwa. Tangu miaka ya 1960 madaktari wa Uganda waliona uvimbe mkubwa ukinywea ndani ya siku chache baada ya dozi za kwanza. Hapo ndipo kishawishi cha kurudi nyumbani kinapokuja: shavu limekuwa sawa, pesa imekwisha, shamba la muhogo linangoja. Usiondoke. Kunywea si kupona, na ugonjwa uliokatiwa dawa katikati hurudi ukiwa mgumu zaidi. Hospitali ya Lacor huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, imewatibu watoto hawa kwa miaka mingi. Kituo cha kansa cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kimekuwa kikifanya hivyo tangu kilipofunguliwa mwaka 2012. Uvira au Bukavu wakikuambia dawa hazipo, usikubali jibu hilo liwe la mwisho. Uliza zipo wapi, na uandikiwe karatasi ya transferi inayotaja jina la ugonjwa.

Usimkimbize kwenye kisu kila mtoto mwenye mashavu makubwa. Hapa sasa tunafika kwenye ugonjwa wa urithi hasa, nao unadai tabia iliyo kinyume kabisa. Unaitwa kerubizimu. Daktari W. A. Jones aliueleza mwaka 1933 baada ya kuwaona watoto wa tumbo moja wenye mashavu yaliyojaa na macho yaliyoelekea juu. Mwaka 2001 ikajulikana kwamba jeni yenye hitilafu ni ile iitwayo SH3BP2. Mzazi mwenye hitilafu hiyo anaweza kumpa kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu. Mtoto huzaliwa na uso wa kawaida. Kati ya miaka miwili na mitano, taya linaanza kutanuka pande zote mbili, polepole, kwa kawaida bila maumivu, na huendelea hadi anapobalehe. Baada ya hapo, kwa wengi, mfupa hujijenga upya na uso hurudi kukaribia kawaida. Kwa hiyo mara nyingi tiba ni kungoja, kuyafuatilia meno, na kupiga eksirei kwa vipindi. Kisu huja tu pale mtoto anaposhindwa kula, kupumua au kuona vizuri.

Ugumu wenyewe ndio huu. Siku za mwanzo, kwa macho matupu, watoto hawa wawili wanaweza kufanana. Mmoja akicheleweshwa anakufa. Mwingine akikimbiziwa kisu anaumizwa bure. Jirani hawezi kuamua ni yupi, nyanya hawezi, mchungaji hawezi, na hata muuguzi mzuri wa kituo hawezi peke yake. Kazi yake ni kuandika transferi siku hiyohiyo. Mzazi naye aje na habari mbili: uvimbe ulianza lini, na kama kuna mtu katika familia ya baba au ya mama aliyekuwa na mashavu ya namna hiyo utotoni. Kama kuna picha ya zamani, hata ya ubatizo, ibebwe.

Usidharau uvimbe usiouma wa mtu mzima. Kijana au mama wa miaka thelathini mwenye nundu ngumu kwenye taya la chini, inayokua mwaka hadi mwaka bila maumivu, huenda ana ameloblastoma. Haisambai haraka mwilini, lakini inaula mfupa, na ikikwanguliwa tu bila kuondolewa na mpaka wa mfupa mzima hurudi mara nyingi. Watu huja wakati uso umeshageuka, kwa sababu tu hauumi. Njoo ukiwa mdogo.

Usiuite urithi uozo wa uso. Mtoto aliyedhoofika, ametoka tu kuugua surua, ufizi unavimba na kutoka damu, mdomo unanuka, shavu linaanza kuwa jeusi: hiyo ni noma. Inatokana na njaa, uchafu wa kinywa na kinga iliyoanguka. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Ikikamatwa kwenye ufizi, dawa za viuavijasumu, maji ya kusukutua na chakula chenye nguvu huizuia. Ikiachwa, ndani ya siku chache inatoboa shavu, na wengi wa watoto wasiotibiwa hufa. Mama anayenusa harufu hiyo asubuhi asilale nayo nyumbani usiku.

MTOTO ALIYEZALIWA HIVYO

Mkunga, washa tochi utazame kaakaa. Kila mtoto, hata yule ambaye mdomo wake ni mzima. Kaakaa linaweza kupasuka peke yake huku midomo ikiwa imekamilika, na mtoto huyo ndiye anayerudishwa kituoni baada ya wiki tatu akiwa mifupa mitupu, mama akilaumiwa kwamba maziwa yake ni mabaya.

Tazama anavyopumua kabla ya kutazama anavyofanana. Mtoto mwenye kidevu kidogo sana kilichorudi nyuma ana hatari ya ulimi kuanguka na kuziba koo, hasa akilazwa chali. Watoto wengine wote tunawalaza chali. Huyu, kwa maelekezo ya muuguzi na chini ya macho ya mtu aliye macho, hulazwa ubavu au kifudifudi ili ulimi uje mbele. Kifua kikizama anapovuta pumzi, au ulimi na ufizi vikigeuka rangi ya samawati, hiyo ni safari ya hospitali kuu usiku huohuo. Kwa ngozi zetu nyeusi usitazame mashavu; fungua kinywa utazame ndani.

Mpe maziwa ya mama. Mdomo uliopasuka bila kaakaa kupasuka, mara nyingi mtoto ananyonya. Mama azibe ufa kwa titi lenyewe au kwa kidole. Kaakaa likiwa wazi, mtoto hawezi kufyonza, hata awe na nguvu gani. Hapo mama akamue kwa mkono kwenye kikombe kilichochemshwa, amkalishe mtoto wima, ampe kidogo kidogo kwa kijiko au kwa ukingo wa kikombe, amcheulishe mara kwa mara. Mtoto aliyepita wiki ya kwanza anahitaji takriban mililita 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Wa kilo 3 anahitaji 450, zigawanywe mara nane au zaidi, usiku na mchana. Mlo mmoja usizidi nusu saa, maana kupita hapo anatumia nguvu nyingi kuliko anazopata. Maziwa yakitokea puani, usipige kelele. Njia ya pua na ya kinywa zimeungana, ndivyo yatakavyofanya hadi kaakaa lifungwe. Mwinue, mpanguse, endelea.

Usimpe uji wala maji ya sukari kabla ya miezi sita kwa kuwa eti hashibi. Mpeleke kwenye kilo kila wiki. Kama baada ya wiki mbili hajarudia uzito aliozaliwa nao, njia ya kulisha ibadilishwe, na mama aonyeshwe upya kwa mikono, si kwa maneno.

Msimwite mdomo wa sungura. Ana jina mlilompa. Mitaani watamwita hivyo, nyumbani asisikie.

Msimfiche. Mtoto aliyefungiwa chumba cha nyuma hakosi jua peke yake, hukosa chanjo, hukosa kilo, hukosa tarehe ya upasuaji.

Mchungaji, omba ukiwa umeiandikia familia karatasi ya kwenda hospitali, na usimtamke mtoto kuwa ndoki, yaani mchawi. Kongo ina sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto, na sheria hiyo inamwadhibu kwa kifungo anayemtangaza mtoto kuwa mchawi hadharani. Chumba cha maombi kinachomfungisha kula mtoto wa kilo tano kimefanya kosa mbele ya sheria na mbele ya Mungu kinayemwita.

URITHI NA LAWAMA

Baba, usimfukuze mke. Neno hili ni gumu na nitalisema bila kulilainisha: mwanamume anayemrudisha mwanamke kwao kwa sababu ya mdomo wa mtoto huenda ndiye aliyeubeba ugonjwa. Kuna hali ya urithi iitwayo van der Woude, inayotokana na jeni IRF6, ambamo mzazi mmoja ana vishimo viwili vidogo tu kwenye mdomo wa chini, na hajawahi kujua maana yake. Mtoto wake anazaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Jeni hiyo hupita kwa mwanamume kama inavyopita kwa mwanamke. Kabla ya kikao cha kumhukumu mama, wazazi wote wawili wainue taa na kutazama midomo yao.

Jueni hesabu ya mtoto anayefuata. Duniani, mtoto mmoja kati ya 700 hivi huzaliwa na ufa wa mdomo au wa kaakaa, na wengi wao hawana ndugu aliyewahi kuwa nao. Baba na mama wakiwa wazima wote wawili na tayari wana mtoto mmoja mwenye ufa wa kawaida, kati ya watoto 100 watakaozaliwa baadaye na wazazi wa namna hiyo, 3 hadi 5 tu watakuwa nao. Yaani zaidi ya 90 watazaliwa bila ufa. Kwa van der Woude na kerubizimu, hesabu ni nusu kwa nusu kila mimba. Kwa Treacher Collins, ambamo mifupa ya mashavu haikui na masikio ni madogo, zaidi ya nusu ya watoto hupata hitilafu mpya ambayo haiko kwa mzazi yeyote. Hesabu hizi hazifanani, kwa hiyo usichukue ya mtoto wa jirani ukaipeleka kwako.

Usimhukumu mjamzito kwa alichokitazama. Kwamba alikata nyama kwa kisu wakati wa kupatwa kwa mwezi, kwamba alimcheka kilema, kwamba alikula sungura: yote haya hutajwa, na mara nyingi hutajwa kwa mimba ya miezi saba au minane. Uso wa mtoto huundwa kwa vipande vinavyotoka kushoto na kulia vikakutana katikati, kama ukili wa mkeka unavyoshonwa. Mdomo wa juu huungana kufikia wiki ya saba hivi ya mimba. Kaakaa hufungwa kufikia wiki ya kumi na mbili. Wengi wanapoanza kumwona mwanamke kuwa ni mjamzito, uso wa mtoto umeshakamilika. Hakuna kisu cha mwezi wa saba kinachoweza kuupasua.

Kwa sababu hiyohiyo, usingoje kliniki ya kwanza ya wajawazito (CPN) ndipo uanze kujitunza. Mwanamke anayepanga kushika mimba aanze vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, walau mwezi mmoja kabla. Faida yake iliyothibitika ni kuukinga uti wa mgongo wa mtoto, na hiyo peke yake inatosha kuvimeza. Pombe kama kanyanga na kasiksi, pamoja na sigara, viachwe kabla ya mimba. Mwenye kifafa anayetumia valproati au fenitoini asiziache ghafla, kwani degedege linaweza kumuua yeye na mtoto, lakini amwone daktari kabla ya kushika mimba ili dawa ibadilishwe au ipimwe upya; dawa hizo zinajulikana kuongeza hatari ya ufa. Waume, muuguzi akitoa ushauri huu, mwende wawili.

SAFARI YA UPASUAJI

Jenga damu na kilo kwanza. Mdomo hufungwa kuanzia miezi mitatu hivi, mtoto akiwa na kilo 5 au karibu yake na hemoglobini isiyopungua 10. Kaakaa hufungwa baadaye, kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, ili mtoto aanze kusema akiwa na kinywa kilichozibwa. Kinachoahirisha tarehe hizi huku bondeni mara nyingi ni malaria, inayokula damu. Chandarua usiku, kila usiku, ni sehemu ya upasuaji wa mdomo.

Uliza bei kabla ya kuuza mbuzi. Hospitali nyingi za Afrika Mashariki na Kati hupasua midomo bila kumtoza mzazi kwa kuwa gharama hulipwa na mashirika kama Smile Train, lililoanzishwa mwaka 1999. CCBRT ya Dar es Salaam inajulikana kwa kazi hiyo. Uvira, Bukavu, Goma na Bujumbura uliza swali moja waziwazi: kuna mpango wa bure wa mdomo na kaakaa, na orodha inafunguliwa lini? Mtu akidai pesa ili akuingize kwenye orodha ya bure, mwache hapo na uende kwa daktari mkuu.

Beba faili lako mwenyewe. Hospitali ya Lemera, kwenye milima iliyo juu ya bonde hili, ambako daktari Denis Mukwege alifanya kazi kabla ya kuanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, ilishambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996. Wagonjwa na wauguzi waliuawa. Watu wa Luberizi hawahitaji kufundishwa kwamba kituo cha afya kinaweza kutoweka kwa usiku mmoja na barabara ikafungwa asubuhi. Jibu la maabara, picha za eksirei, kadi ya chanjo na kilo, tarehe za dawa, vyote viwe kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaofungwa, na uwe wa kwanza kubebwa mkikimbia. Piga picha ya kila karatasi kwa simu, uitume kwa ndugu aliye mji mwingine. Piga pia picha ya uso wa mtoto kila mwezi, kwa umbali uleule, kwa ajili ya daktari. Usiitume kwenye makundi ya WhatsApp, hata kwa kuomba msaada. Uso huo ni wake, naye atakuwa mtu mzima.

Siku ya upasuaji, shika saa ya kutokula kama ulivyoambiwa. Maziwa ya mama hukoma muda wa saa nne kabla ya dawa ya usingizi. Uji na maziwa mengine, muda wa saa sita. Atalia. Shangazi mwenye huruma anayempa kijiko cha uji nyuma ya pazia anaweza kumuua, kwa sababu chakula kikirudi akiwa amelala kinaingia mapafuni.

Baada ya mdomo kufungwa, usimwache atie vidole, kijiti wala kijiko kikavu kinywani. Osha mshono kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Usipake mafuta ya mawese, usipake dawa ya meno.

Mwalimu, mpe benchi la mbele. Watoto wa kaakaa lililopasuka huugua masikio mara kwa mara, na wale wa Treacher Collins wana mifupa midogo ya sikio isiyokamilika. Wengi wao hawasikii vizuri, lakini akili zao ni timamu. Anayejibu kwa sauti ya puani hajakosea jibu. Anayechekwa darasani na mwalimu akanyamaza, mwalimu ndiye aliyecheka.

Usidhani kazi imekwisha mdomo ulipofungwa. Kaakaa linabaki, masikio yanabaki, mazoezi ya kusema yanabaki. Na kama ufa ulipita kwenye ufizi, akiwa na miaka 8 hadi 11, kabla meno ya chonge ya ukubwani hayajatoka, daktari atahitaji kuujaza kwa mfupa kidogo unaotolewa kwenye nyonga yake mwenyewe, la sivyo jino halitapata mahali pa kusimama. Fungua faili leo, uandike kwenye jalada mwaka atakapofikia umri huo.